Stendi ama Kibanda? Kabla Upande Mti Kuwinda Kulungu Majuu, Jua Kwanza Utashuka Aje

Wasee, hii story ilinipata saa tisa usiku. Simu inatetemeka chini ya mto, kucheki ni grupu ya familia kwa WhatsApp. Hiyo grupu hulala mapema, usiku huwa hakuna mtu. Lakini siku hiyo kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu mkubwa, yule wa Minnesota. Anaongea polepole, nyuma naskia king'ora.

"Nimeanguka kwa mti. Msimwambie mathe bado."

Kwa mti? Buda ako na miaka 34, ako na watoto wawili, anafanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa anatafuta nini kwa mti, maembe?

Kumbe alikuwa ameenda kuwinda kulungu. Ilikuwa Novemba, msimu wa bunduki umefunguliwa, na mabeshte wake wa kazi walikuwa wamemwalika. Alikaa juu ya mti kutoka alfajiri, hakuona kitu. Giza ilipoingia akaanza kushuka. Bunduki begani, mkono mmoja umeshika chupa ya chai, ngazi imeshika barafu. Mguu ukateleza kama futi 10 kutoka chini. Akavunja kisigino na kupasua pingili moja ya uti wa mgongo. Alilala hapo kwa baridi hadi msee wa kazi alipokuja na tochi kumtafuta.

Miezi minne hakufanya kazi. Kazi yake ni kuinua wazee kutoka kitandani, na mgongo ulikuwa umekataa. Sisi huku tukachangisha. Eti tunatuma doo majuu! Dunia ilikuwa imepinduka.

Juu ya hiyo story, nilianza kusoma hii maneno ya kuwinda kwa mti na kuwinda chini. Na nimegundua kitu: wasee wengi huuliza swali moja tu, "Wapi nitaona kulungu wengi?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: jioni ikifika, mikono imeganda, macho hayaoni, utashuka aje?

Kwani Marekani watu wanawinda tu hivyo?

Eeh, wanawinda, na ni halali. Hapa kwetu uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku 1977, so kama umezaliwa Nairobi, hata babu yako huenda hajawahi kuwa na leseni. Ukifuata swara na mshale Kenya, wewe ni mwindaji haramu, kwisha.

Huko ni tofauti. Wana kulungu mob sana. Makadirio ambayo hutajwa mara nyingi ni karibu milioni 30 wa aina ya mkia mweupe peke yake. Wanakula mahindi ya watu, wanagongwa na magari usiku, na maeneo mengi wanyama waliokuwa wanawala walishamalizwa kitambo. Kwa hivyo kila jimbo linaweka msimu, leseni na idadi ya wanyama unaoruhusiwa. Tangu 1937 kuna sheria inayotoza bunduki na risasi ushuru, na hiyo doo inarudi kutunza wanyamapori na makao yao. Nyama inaliwa nyumbani, na kulungu mmoja anajaza friza.

Halafu tuelewane kuhusu huyo mnyama. Sio yule kulungu wa misitu yetu mwenye pembe za kudumu. Huyu wa kwao, dume anaangusha pembe kila mwaka na kuota zingine. Jina tunamwazima tu juu hakuna lingine fiti.

Sasa Minnesota imejaa Wakenya. Ukiishi kule, siku moja msee wa kazi atakwambia, "Weekend unakuja msituni?" Na hapo ndio hii makala inaanza kukuhusu, ama kumhusu sista yako, ama yule beshte yako aliyeenda kusoma.

Stendi sio ya matatu, kibanda sio cha chapo

Njia kubwa za kungoja kulungu ni mbili.

Ya kwanza ni stendi ya mti. Ni kiti na kijukwaa cha chuma au alumini kinachofungwa kwa shina la mti, mara nyingi futi 15 hadi 20 kutoka chini, yaani karibu mita 5 au 6. Hiyo ni zaidi ya gorofa ya kwanza. Kiswahili cha kitambo kina neno lake, ulingo. Kabla wanasiasa walichukue, ulingo ulikuwa jukwaa la miti shambani, mtu anakaa juu kufukuza ndege na nguruwe. Idea ni ile ile, huyu tu hafukuzi.

Stendi ziko za aina nne ambazo utaskia sana:

Ya ngazi. Ni ngazi ndefu yenye kiti juu, unaiegemeza kwa mti na kuifunga. Ni nzito, inataka watu watatu kuisimamisha, na ikishakaa imekaa. Hii ndio ilimwangusha binamu.

Ya kutundika. Kiti kidogo unafunga juu kwa mikanda, halafu unapanda kwa vipande vya ngazi ulivyofunga kwa shina. Ni nyepesi, lakini kuifunga ukiwa unaning'inia ni kazi ya msee anajua anachofanya.

Ya kupanda nayo. Iko na vipande viwili, unainua cha juu, unainua cha miguu, unasonga kama kiwavi hadi juu. Inataka mti ulionyooka kama nguzo ya stima, bila matawi.

Ya kukaa kwa mkanda. Hapa hakuna kiti, unavaa mkanda mpana kiunoni na unaegemea hewani ukiwa umefungwa kwa mti. Mafundi wanaoipenda wanaiapia, lakini sio ya siku ya kwanza.

Njia ya pili ni kibanda cha chini. Mara nyingi ni tenti ya kitambaa yenye rangi za msitu, inafunguka kwa dakika kama mwavuli, na iko na madirisha ya kufungua pande zote. Ndani unaweka kiti na unangoja. Wengine hujenga vya mbao vya kudumu, wengine wanajificha tu nyuma ya matawi waliyopanga. Lakini anayeanza atauziwa tenti.

Bei haziachani sana. Kwa maduka ya kawaida unaweza kupata stendi ya ngazi au tenti ya bei ya chini kwa kama dola 100 au 200. Kwa hivyo doo isikuamulie.

Pua ya kulungu haina mchezo

Ili uchague, lazima ujue unacheza na nani.

Kwanza, kulungu ananusa. Upepo ukitoka kwako ukienda kwake, game imeisha kabla hujamwona. Haijalishi umeoga na sabuni gani.

Pili, macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu kila upande bila kugeuka. Mwendo mdogo anaudaka mara moja. Lakini rangi anazijua chache. Ile rangi kali ya machungwa, kama reflekta ya mtu wa boda, kwake haing'ai vile inavyong'aa kwako. Buluu ndio anaiona poa. Yaani jeans yako inaweza kukuchoma picha kuliko hiyo reflekta.

Tatu, hana mazoea ya kuangalia juu sana, juu hatari zake nyingi huja kwa usawa wake. Lakini hiyo isikudanganye. Mahali wanawindwa sana wamejifunza, na wanainua kichwa.

Sasa ona vile stendi inasaidia. Ukiwa juu unaona mbali, unaona juu ya vichaka, unamwona akija na unapata muda wa kujipanga. Mwili wako hauko kwa mstari wa macho yake. Harufu yako mara nyingine inapita juu yake, ingawa sio kila saa. Asubuhi jua likipasha ardhi joto, hewa hupanda na kubeba harufu juu. Jioni hewa hupoa na kushuka, na harufu yako inateremka nayo hadi kwa pua yake. Ndio maana stendi ya asubuhi na ya jioni saa zingine hazifai kuwa mahali pamoja.

Kuna faida nyingine watu hawaisemi sana. Ukipiga kutoka juu, risasi inaelekea ardhini. Ukikosa, inaingia kwa udongo. Ukipiga kutoka chini, risasi inaenda bapa, na risasi ya raifo inasafiri zaidi ya kilomita moja. Kama nyuma ya kulungu hakuna mlima au tuta, hujui inaenda kumpata nani.

Lakini urefu pia una bei. Kulungu akisimama chini ya mti wako kabisa, unamwona mgongo tu. Mahali pa kulenga panakuwa padogo, na mshale unaweza kupata pafu moja badala ya yote mawili. Mnyama mwenye pafu moja anakimbia mbali, anateseka, na huenda usimpate. Kupanda juu zaidi hakukufanyi kuwa mwindaji mkali zaidi. Wengi wanaotumia upinde hupanga kulungu apite mita 15 au 20 hivi kutoka kwa mti, akiwa ameonyesha ubavu.

Na juu hakuna pa kujificha na baridi. Upepo unakupiga, mti unayumba, na huwezi kusogeza mguu bila kuonekana.

Kibanda: uzuri wake na masharti yake

Ndani ya kibanda unaweza kujikuna. Hiyo inaskika ndogo, lakini ukikaa masaa sita bila kusonga utaelewa. Giza la ndani linaficha mikono yako, so unaweza kunywa chai, kuinua bunduki polepole, hata kumnong'onezea mtu. Ndio maana anayewinda na mtoto anachagua kibanda. Pia mwenye magoti mabovu, mwenye kilo nyingi, mzee, mama mjamzito, na mtu wa kiti cha magurudumu. Mvua ikinyesha uko kavu.

Na kibanda hakihitaji mti. Kuna mashamba makubwa kule ya mahindi na soya ambako hakuna mti wa maana. Hapo stendi utaifunga kwa nini, kwa hewa?

Masharti ni haya:

Kiweke mapema. Kulungu anajua mtaa wake. Akiona tenti mpya leo, ataisimamia mbali akipiga mguu chini kama mlinzi wa geti. Ukiweka wiki mbili au zaidi kabla, na ukaifunika kwa matawi na nyasi za pale pale, anaizoea.

Vaa nguo nyeusi ndani. Tenti nyingi ni nyeusi ndani, na uso mweupe wa mfuko wa plastiki au koti ya rangi ya majani itaonekana. Lakini msimu wa bunduki sheria ya rangi ya machungwa bado inakuhusu, tutafika hapo.

Usifungue madirisha yote. Ukifungua la mbele na la nyuma, mwanga unapita na wewe unakuwa kivuli katikati, kama puppet. Fungua la mbele tu na moja la pembeni, nyuma funga.

Chunga mdomo wa bunduki. Darubini imekaa juu ya mtutu. Unaweza kuangalia kwa darubini uone kulungu bila kizuizi, kumbe mtutu unaangalia kitambaa cha dirisha au fremu. Hakikisha mtutu uko wazi kabla ya kufyatua. Na mlio ndani ya tenti ni mkubwa, so vaa vizuizi vya masikio.

Jaribu ukiwa umekaa. Wenye upinde hufanya mazoezi wakiwa wamesimama kwa uwanja, halafu siku ya siku wanagundua upinde unagonga paa la tenti.

Sharti la mwisho ni la jiko. Baridi ikichapa, wasee huwasha hita ndogo ya gesi ndani ya tenti. Sisi hii tunaijua vizuri kutoka nyumbani, ile ya jiko la makaa kulala nalo kwa keja na asubuhi majirani wanavunja mlango. Hewa ya sumu haina harufu na haijui kama uko Kayole ama Minnesota. Kama lazima uwashe, tumia hita iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani, acha dirisha wazi kiasi, na usilale ikiwaka.

Shida kubwa ya kibanda ni kuona. Uko chini, kichaka kimoja kinakufungia dunia. Kulungu anaweza kutokea mita 10 kutoka kwako na usimskie. Na upepo ukibadilika huna urefu wa kukusaidia, harufu inatoka dirishani moja kwa moja.

Sasa turudi kwa ngazi

Niliacha chuo second year, doo ziliisha. Nikaingia mjengo miezi saba. Nilikuwa nabeba kokoto gorofa ya nne kwa jukwaa la mbao, bila hanesi, na foreman anatuambia tukaze roho. Hakuna siku nilianguka, lakini nilijifunza kitu: ukiwa juu, woga huisha siku ya tatu, na hapo ndio hatari inaanza.

Wawindaji ni hivyo hivyo. Kuanguka kutoka kwa stendi ni kati ya vitu vinavyoumiza wawindaji vibaya zaidi Marekani. Watu hufikiria hatari ni risasi, kumbe mara nyingi ni ngazi. Na wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au pale juu wakihama kutoka ngazi kuingia kwa kiti. Kwa nini? Juu wengi hujifunga hanesi wakishafika kwa kiti. Wakati wa kupanda na kushuka hawajashikwa na kitu.

Nilimuuliza binamu kwa video, akiwa amelala na mkanda wa mgongo, "Mkubwa, hanesi ilikuwa wapi?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Kwa boksi. Kwa gereji. Bado iko kwa plastiki yake."

Stendi nyingi mpya zinauzwa na hanesi ndani ya boksi. Alikuwa amelipia kitu ambacho kingemshika, akakiacha nyumbani juu kilionekana ni kama mikanda mingi ya kuchanganya kichwa.

Basi kama unaenda kwa mti, hizi ndizo sheria, na hakuna ya kuruka:

Jifunge kutoka chini hadi chini. Kuna kamba ya usalama inayofungwa juu ya stendi na kushuka hadi kwa mizizi ya mti. Iko na fundo linaloteleza ukilisukuma na kujikaza ukianguka. Unajiunganisha kabla mguu wa kwanza kutoka ardhini, na unajifungua ukishakanyaga majani tena. Hiyo kamba ingekuwa pale, binamu angening'inia, atukane kidogo, ashuke.

Hanesi ni ya mwili mzima. Sio mkanda wa kiunoni wala ule wa kifuani wa kitambo. Na ukianguka ukabaki unaning'inia, usitulie. Ukikaa hivyo bila kusogeza miguu, damu inabaki chini, unaweza kuzirai na hata kufa. Kuna mkanda mdogo wa kukanyagia ili upunguze uzito kwa mapaja. Jua uko wapi kabla.

Mikono mitupu. Vitu vitatu vishike ngazi kila saa: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Bunduki inatolewa risasi, inafungwa kwa kamba, na unaivuta ukishakaa na kujifunga. Ukishuka, inatangulia kwa kamba. Chai pia inashuka kwa kamba.

Angalia mti. Uwe hai na usiwe na kuoza. Minnesota miti mingi ya ash imeuawa na mdudu anayechimba ndani ya gome, na mti wa ash uliokufa huvunjika kama biskuti.

Angalia mikanda. Stendi iliyoachwa nje mwaka mzima haina tofauti na nyaya zilizochoka. Jua linakula mikanda, kindi wanaitafuna, na mti ukinenepa unaivuta. Toa stendi msimu ukiisha. Ukikuta stendi ya mtu imening'inia msituni, usiikalie. Kwanza ni ya wenyewe.

Hesabu uzito. Nyingi zinabeba pauni 300, karibu kilo 136. Hizo ni wewe, koti, buti, bunduki na begi. Mkenya aliyekaa majuu miaka 10 ajipime kwanza.

Mwambie mtu. Mti gani, saa ngapi unashuka. Simu iwe mfukoni pa kufikika, sio kwa begi. Binamu alifanya hii moja, na ndio ilimtoa msituni.

Uchague aje basi?

Jiulize haya kwa hii order.

Mwili wako uko aje? Kama uliumia mgongo, kama unaogopa urefu, kama unatumia dawa ya kuleta usingizi, kama umetoka shifti ya usiku na hujalala, ni kibanda. Hapo hakuna mjadala. Wakenya wengi kule wanafanya shifti mbili, na kulala ukiwa futi 18 bila kufungwa ni kesi.

Uko na mtu wa kukufunza? Kama hii ni mara ya kwanza na unaenda peke yako, ni kibanda. Kama kuna mtu mzoefu wa kusimamisha ngazi na wewe mchana, kukuonyesha kamba, na kukuangalia ukipanda na kushuka mara kadhaa kabla ya msimu, basi stendi ya ngazi ni sawa. Anzia futi chache. Hakuna medali ya futi 20.

Ardhi iko aje? Msitu mnene wenye miti mikubwa na njia za kulungu zinazojulikana, stendi inashinda. Ukingo wa shamba, nyasi, mahali pa wazi, kibanda kinashinda. Ardhi ya umma huwa na sheria zake: nyingi zinakataza kupiga misumari kwa miti, na zingine zinataka utoe stendi kila jioni. Soma za jimbo lako na za hiyo ardhi yenyewe.

Unatumia silaha gani? Bunduki inafika mbali, so kibanda kwa ukingo wa shamba kinatosha, bora kuwe na tuta nyuma ya mnyama. Upinde unataka kulungu awe karibu sana, na kuvuta upinde ni mwendo anaouona. Hapo ama urefu wa mti unakuficha, ama giza la kibanda.

Hali ya hewa? Barafu kwa ngazi, upepo mkali, radi: usipande. Hata kama stendi uliilipia. Hata kama umechukua off ya siku moja tu.

Makaratasi kidogo

Minnesota, ukiwa umezaliwa baada ya Desemba 31, 1979, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndio ununue leseni. Chukua hiyo kozi kwa moyo, sio ya kupita mtihani tu. Msimu wa bunduki lazima uvae machungwa kali au pinki kali kichwani na juu ya kiuno. Na kama uko ndani ya kibanda, wawindaji wengine hawakuoni. Wisconsin, kwa mfano, kwa ardhi za jimbo kibanda lazima kionyeshe angalau inchi mraba 144 za hiyo rangi, zionekane kutoka pande zote. Hata kama kwako haijaandikwa, weka.

Na kama uko na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, skiza vizuri. Sheria ya serikali kuu inakataza wengi wenye viza hizo kushika bunduki, isipokuwa kwa sababu chache, na leseni halali ya uwindaji ni moja yazo. Usishike bunduki ya beshte eti "ya picha tu" kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Kuna wasee wanaweza kupoteza ndoto yote kwa selfie.

Mwaka uliofuata

Binamu alirudi msituni. Mathe wake alilia kwa simu, wajomba wakamfokea, akarudi tu. Lakini hakupanda. Alinunua tenti, akaiweka Oktoba, akaifunika matawi, akabeba kiti chenye mgongo. Kijana wake wa miaka 9 alikuwa ndani naye, wanakula maandazi kimya kimya.

Siku ya kwanza hawakuona kitu. Siku ya pili jike mmoja alipita mbali, nyuma yake kulikuwa na barabara. Hakupiga. Siku ya tatu theluji ilianguka wakaenda nyumbani mapema.

Nikamuuliza kama haoni ni hasara, tenti, leseni, siku tatu bila mshahara, na friza tupu.

Akaniambia, "Bro, jioni nilisimama, nikafungua zipu, nikatoka. Hiyo tu."